Vitabu Alivyoshona Baba

Jumatatu, 4 Machi

Mradi umetugawia madaftari ya kuandika joto la chumba, unyevu wa hewa na idadi ya kurasa za siku. Langu nimeshalijaza. Hili lilikuwa la ziada, limekaa mezani bila mwenyewe, nikalitia mkobani. Sioni kama ni wizi. Miaka ishirini na mbili nawatengenezea vitabu vyao hapa na hakuna aliyewahi kunipa hata kalamu.

Kazi yenyewe ni hii. Maktaba yetu ina vitabu vya kale vya sayansi: vya nyota, vya mimea, vya udongo, vya magonjwa ya ng'ombe, vingine vina miaka mia na themanini. Anayetaka kuvisoma huandika barua, akaja mpaka hapa, akanawa mikono, akakaa chini ya macho ya mlinzi kama mtuhumiwa. Sasa vitapigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa mtandaoni, asome atakaye, bure, hata akiwa amelala kitandani kwake. Tuna hadi mwisho wa Mei, kisha kamera inarudi kwa wenyewe.

Mpiga picha tuliyepewa alipiga picha za harusi kwa miaka kumi na mitano, kwa hiyo kufika saa nne tulikuwa tumeshampachika jina la Bwana Harusi. Kakilaza kitabu cha kwanza chini ya taa, karudi nyuma hatua mbili, kakiambia, "Haya bibi, tabasamu kidogo." Nimecheka mpaka Mkurugenzi akachungulia mlangoni.

Mvua bado. Joto la kukaanga mtu.

Jumatano, 6 Machi

Kurasa 340. Macho yanawasha.

Ijumaa, 8 Machi

Leo tumefika kwenye vitabu vya Baba, na mambo yameharibika.

Niandike vizuri, maana siku moja nitasahau. Miaka thelathini na moja iliyopita, bomba lilipasuka ghala la chini, vitabu thelathini na vinane vikalala majini siku mbili. Baba ndiye alikuwa mjalidi wa maktaba. Alivikausha, akavishona upya vyote, kwa miezi minne, peke yake. Wakampa cheti, kiko kwenye fremu ukumbini kwetu. Nimekua nikiambiwa mimi ni binti wa yule mzee aliyeokoa vitabu. Ufundi nimeurithi kwake, na kiti changu cha kazini kilikuwa chake.

Bwana Harusi kakiweka cha kwanza chini ya kamera na kikakataa kufunguka. Ukikibana upande huu kinajifunga upande ule. Mshono haukupita kwenye mkunjo wa karatasi, umepita ubavuni, karatasi juu ya karatasi, uzi mnene, umekazwa hasa. Pambizo yote ya ndani imemezwa. Kwenye picha kila mstari unakosa neno la mwanzo au la mwisho.

"Huyu fundi alikuwa na ugomvi na wasomaji?" Bwana Harusi akauliza. "Na hata mstari hakujua kunyoosha. Tazama matundu yalivyokwenda, kama nyayo za mlevi."

"Ni baba yangu," nikamwambia.

Maskini, alitamani ardhi impasukie. Lakini hakusema uongo. Nilikitazama kile kitabu kama mjalidi, si kama mtoto, na mimi ningemrudisha mwanafunzi aliyenishonea hivyo.

Mkurugenzi kaitwa, kageuza kitabu mara mbili, kasema, "Vikatwe. Vyote thelathini na vinane. Vikishapigwa picha utavishona upya inavyotakiwa."

"Nani avikate?"

"Mjalidi si wewe?"

Nyumbani Baba alikuwa amekaa kitandani, uso umeelekea mlangoni ingawa haoni mwaka wa tano huu. Kasikia viatu vyangu.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, Kitinda. Mmefika kwenye vyangu?"

"Tumefika."

"Vinafunguka?"

"Vinafunguka, Baba. Vizuri tu."

Akaegemea mto. Nikaona ameridhika, nikaenda kunawa.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekata cha kwanza. Kitabu cha nyota. Uzi wa katani, mgumu, kila ukikatika unalia tk. Nilijikaza kisabuni hadi mshono wa mwisho, kisha nikaenda chooni nikalia, nikarudi kuomba gundi kana kwamba hakuna kitu.

Lakini jamani, yale maneno! Yalikuwa yamekaa gizani muda wote huo. Bwana Harusi alipopiga picha ya kwanza iliyokamilika alipiga na makofi.

Jumanne, 12 Machi

"Vinafunguka?" "Vinafunguka."

Jumatano, 20 Machi

Daktari amekuja. Anasema moyo umechoka, ndiyo maana miguu inavimba. Tumpe dawa, tumpandishie mito, tusimuudhi. Hilo la mwisho kanitazama mimi. Sijui uso wangu una nini, watu wote huniona mimi ndiye wa kuudhi.

Dada, mkubwa wangu, ndiye anayeshinda naye. Ana cherehani yake dirishani, anashona sare za shule. Nilimweleza jikoni habari ya vitabu. Hakuacha kukatakata vitunguu.

"Mwambie."

"Daktari kasema tusimuudhi."

"Daktari hamjui Baba. Mwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu."

"Nimwambie nini? Baba, kazi ya maisha yako naikatakata kwa kisu kila asubuhi?"

"Mwambie hivyo hivyo," akasema Dada. Yeye kwake kila jambo ni jepesi.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua imeanza. Imekuja mchana kwa kishindo, umeme ukakatika mara tatu. Vitabu kumi na moja vya Baba vimekatwa na kupigwa picha. "Vinafunguka?" "Vinafunguka."

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Paa la ghala linavuja pembeni. Tumetega ndoo. Kurasa 410.

Jumatatu, 15 Aprili

Jirani amekuja kumjulia hali Baba. Naye ni mtu wa maneno mengi. "Mzee, nasikia vitabu vyako vinakwenda dunia nzima! Watu wa ng'ambo wataona mkono wako!"

"Eti," Baba akasema. "Na eti vinafunguka."

Akageukia ukutani. Nikadhani ni haya ya mzee anayesifiwa mbele za watu. Nikamletea chai, hakuinywa.

Ninavyoendelea kukata ndivyo ninavyomkasirikia. Naliandikia ukweli daftari hili, kwa kuwa kwingine siusemi. Mtu mwenye mikono kama ile, aliyenifundisha kushona mkunjoni na kunichapa rula vidoleni nikikosea hata nafasi ya sindano, alikuwaje akashona hivi? Mara nyingine nahisi sifa zilimlevya. Kisha naingia chumbani, namwona alivyokonda, na hasira yote inaniishia.

Jumatano, 24 Aprili

Taa kubwa imeungua. Ya kuagiza, siku kumi au zaidi. Bwana Harusi kakaa mlangoni anatazama mvua kama bwana harusi kweli, aliyekimbiwa.

Kilichokuwa kinafuata ni kitabu cha mimea. Nilikuwa nimeshakikata asubuhi. Karatasi zake ni dhaifu kuliko zote, zimekuwa kama kaki, ukizishika vibaya zinameguka. Nikageuza mbili tatu za mwanzo, nikavuta lenzi. Pambizo ya ndani, mahali palipokuwa pamemezwa, kuna mwandiko wa mkono, wino wa kahawia. Mtu fulani, zaidi ya miaka mia iliyopita, kando ya kila mmea aliandika jina ulivyoitwa na watu wa kule milimani ulikochumwa, na walivyoutumia. Matumizi yameandikwa kwa Kiswahili; lugha ya hayo majina siijui na sidhani kama yuko anayeijua. Kitabu chenyewe maktaba nyingine wanacho. Mwandiko huu uko hapa tu.

Nilitaka kuendelea kugeuza. Bwana Harusi kasema, "Usizichoshe hizo karatasi, tutasoma kwenye picha." Alisema kweli, nami nikakifunika.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua. Baba amekula vijiko viwili.

Alhamisi, 2 Mei

Leo hakuniuliza kama vinafunguka. Kasema, "Niletee kimoja nikishike. Cha mimea."

"Havitoki maktaba, Baba. Unajua sheria."

"Sheria naijua, niliiandika mimi. Niletee."

Dada akanitazama juu ya cherehani. Nikasema nitaona.

Kitabu cha mimea kiko juu ya meza yangu, vipande vipande, hakina mgongo wala uzi. Nitampelekea nini sasa?

Jumapili, 5 Mei

Nimefanya jambo. Sijui kama ni la mtoto mwema au la mwendawazimu.

Nilikwenda kazini peke yangu. Mlinzi kaniuliza Jumapili nafuata nini, nikasema gundi inaganda. Nilizipanga karatasi zote, nikazibana kwenye jiliwa, nikachukua msharasi wa kutobolea na uzi mnene, nikakishona kitabu cha mimea ubavuni, kama Baba. Uzi niliutia nta, kisha majani ya chai na vumbi upate uzee. Matundu yake ya zamani yalikuwa yamelegea na hayakulingana, basi nikatoboa mapya, yamenyooka kwa rula. Nikakirudishia jalada lake.

Kikikaa mezani ungeapa ni kile kile. Nilijisikia fahari, ndiyo, nikiri. Atakishika, atafurahi, nami nitakikata tena kabla taa haijafika.

Jumanne, 7 Mei

Naandika mchana huu kazini kwa kuwa nyumbani sina pa kukaa bila kutazamwa. Ni mambo ya jana jioni.

Nilikitia kitabu ndani ya mifuko miwili ya plastiki, nikakiweka chini ya kanga za Dada nilizotoka kuzichukua kwa fundi, nikapita mbele ya mlinzi nikimuuliza habari za wajukuu. Mvua ilikuwa ya kumwaga. Nimefika nyumbani nimelowa hadi mfupani, kitabu hakikupata tone.

Baba alikuwa macho. Nikamwekea mapajani. Alikipapasa jalada polepole, akafika mgongoni, akapita na kidole gumba mshono mzima, juu hadi chini. Uso ulikuwa mtulivu. Nikasema moyoni, alhamdulillahi. Kisha akakiinua hadi puani.

"Nani kashona hiki?"

"Wewe, Baba."

"Kitinda, nimekuuliza."

Nikakunja ncha ya shuka.

"Uzi unanuka nta mbichi," akasema. "Wangu una miaka thelathini. Na huu umenyooka. Mimi sikunyoosha. Nani kashona?"

Cherehani ya Dada ikasimama.

"Mimi," nikasema. "Tulivikata, Baba. Karibu vyote. Havikufunguka hata kimoja, maneno yalikuwa yamemezwa. Hiki nilikuwa nimeshakikata, nikakishona tena ili ukishike. Nisamehe."

"Nikusamehe kuvikata?" Akacheka, kicheko kikavu kikaishia kwenye kikohozi. Dada akaja kumwinua, Baba akausukuma mkono wake. "Tangu Machi nakuuliza, vinafunguka? Nangoja uniambie, Baba, havifunguki, nimevikata. Kila siku unaniambia vinafunguka! Nikajua mambo mawili. Ama mtoto huyu hajui kazi niliyomfundisha, ama ananionea huruma. Sikujua lipi baya zaidi."

"Nilidhani unajivunia, Baba. Cheti..."

"Cheti! Unajua walinipa muda gani? Miezi minne, kuna wageni wanakuja kutazama. Kila mkunjo ulikuwa umechanika. Kushona mkunjoni ningehitaji miaka mitatu. Nikasema nivibane visipotee hata karatasi moja, akija mwingine mwenye muda avifungue. Nikakungoja wewe. Ulipopewa kiti changu nikasema sasa yatafunguka maneno ya watu. Miaka ishirini na mbili, hukuwahi hata kuniuliza."

Nikasema sikujua.

"Na sasa umejua. Ulikuwa nacho kimefunguka mezani, ukakifunga tena. Kosa langu umelirudia upya, mwenyewe, kwa mkono niliokufundisha. Ili iweje? Mzee afurahi?"

Hakupaza sauti hata kidogo. Angenizaba kibao ningeona nafuu. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda, mtu wa miaka arubaini na saba, nalia kamasi.

Baadaye akaushika mkono wangu, akaupapasa hadi kwenye vidole. "Haya. Lete kisu. Kikate hapa hapa nisikie."

Nikakata. Kila uzi ulipolia tk alitikisa kichwa. Karatasi zilikuwa hazitaki tena, zimechoka, nilipouvuta uzi vipande vidogo vilidondoka kwenye shuka kama makombo ya mkate. Nikavikusanya kwa kiganja. Nilijua tayari, nadhani, kwamba kuna nilichoharibu, ila sikutaka kutazama.

"Soma," akasema. "Yale ya ndani."

Nikamsomea. *Kiluwesha, majani yake kwa kikohozi cha watoto. Ntandu, hupandwa mpakani, ng'ombe hauli.* Alikuwa akiyarudia majina kwa midomo yake, moja moja. Miaka thelathini na moja mwenyewe alikuwa amekaa nayo chini ya uzi wake, na hakuwahi kuwa na muda wa kuyasoma. Uso ulimchangamka. Dada alikuja akakaa miguuni pa kitanda akisikiliza, kinywa wazi.

Nikafika ukurasa wa 112. Mmea wenye maua madogo, umechorwa kwa ustadi hadi mizizi. Kando yake mwandiko unasema, *hupewa mtoto asiyelala.* Juu ya maneno hayo palikuwa na jina. Sasa pana tundu kama ukucha. Msharasi wangu ulipita katikati ya neno, uzi ukalimalizia. Imebaki herufi moja, ya mwisho, a.

"Endelea," Baba akasema.

Nikaruka. Nikasoma wa 113, sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na alipolala alikuwa akitabasamu.

Ijumaa, 10 Mei

Baba amefariki leo alfajiri. Dada alikuwa naye. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha maji.

Jumamosi, 11 Mei

Tumemzika. Mvua haikukatika, ilibidi wanaume wayateke maji kaburini kwanza.

Jumatatu, 13 Mei

Watu wamekuja, watu wamekwenda. Wote wananiambia baba yako aliokoa vitabu.

Alhamisi, 16 Mei

Sina la kuandika.

Jumatatu, 20 Mei

Nimerudi kazini. Kila mtu ananisemesha kwa sauti ya hospitali. Bwana Harusi peke yake kanisogezea kiti akasema, "Dada yangu, mimi sijui maneno ya msiba. Taa imefika. Tuna vitabu vitano vimebaki. Ukitaka kulia lia, mimi nitakuwa nimegeukia kamera."

Kitabu cha mimea nilikirudisha siku ile ile ya tarehe saba, hakuna aliyejua kuwa kilitoka.

Nikaanza kukata kilichofuata, cha udongo. Sijui kwa nini safari hii nilitazama matundu. Labda kwa sababu kidole kimekuwa kikinipeleka kwenye matundu wiki nzima. Baba hakutoboa kitabu kizima kwa mpigo kama nilivyofanya mimi. Alitoboa karatasi nne nne. Na kila tundu, nimelifuata moja moja kwa lenzi, limekwepa. Penye neno limesogea juu kidogo, penye namba limesogea chini, penye mchoro limepita kwenye nafasi nyeupe kati ya jani na jani. Ndiyo maana mstari wake unayumba. Kitabu kina karatasi mia tatu na hakuna herufi iliyoguswa.

Nikaviendea vile tulivyomaliza, nikachambua picha kwenye kompyuta hadi saa ya kufunga. Ni hivyo hivyo. Maneno aliyaficha, lakini hakupoteza hata moja, thelathini na vitatu vyote. Miezi minne ile ndimo alimopata na muda wa kuyakwepa maneno ya watu.

Mimi nilitumia rula.

Nilimwita mlevi moyoni miezi miwili mizima. Baba yangu. Nimelia mbele ya kompyuta na Bwana Harusi kweli aligeukia kamera.

Jumatano, 22 Mei

Tumepiga picha kitabu cha mimea. Ukurasa wa 112 ulipotokea kwenye kioo, tundu likiwa kubwa kama sahani, Bwana Harusi aliacha kubonyeza. Alivuta picha niliyosahau kuwa aliipiga, ya kitabu hicho hicho Aprili, siku ya kukikata, karatasi zimepangwa mezani. Ya kumbukumbu tu, kwa juu. Tundu kule halipo. Ukurasa umefunikwa nusu na mwingine, jina halisomeki, lakini ukingo wake wa ndani ni mzima.

"Sikuulizi," akasema.

Nikamweleza. Yote. Akakuna kichwa muda mrefu.

"Ningegeuza kurasa chache zaidi siku ile," nikasema, "ningelisoma. Ningekuwa nalo hata kichwani."

"Ni mimi niliyekuzuia."

"Wewe ulisema kweli."

Alhamisi, 23 Mei

Kumbe kila ukurasa wenye dosari una fomu yake. Itaandikwa chini ya picha, asome kila mtu: dosari gani, imetokeaje. Mkurugenzi, ili kuniondolea kazi wakati wa msiba, amenijazia mwenyewe. Ukurasa wa 112: *Jina limepotea. Chanzo: ushonaji wa zamani.* Kaniletea nitie sahihi, kaniwekea na mkono begani.

"Pole mama. Najua ni vigumu, ni kazi ya marehemu. Lakini ndiyo hali halisi, na hakuna atakayemlaumu."

Nikasema naomba nikae nayo hadi kesho.

Bwana Harusi alisubiri atoke. "Tia sahihi," akaniambia. "Ulitoa kitabu cha kale nje bila ruhusa. Ukakishona bila ruhusa. Ukiyasema hayo, kiti hicho huna. Marehemu hafukuzwi kazi, wewe unafukuzwa."

"Watasema ni yeye aliyepoteza."

"Watasema nani? Watu wasiomjua?"

Kwa kweli hakuna hata mmoja atakayemjua. Mtu ataufungua ukurasa huo kwa mbali, ataona tundu, atasoma *ushonaji wa zamani*, atasema fundi gani huyu mbaya, atapita. Hilo tu. Na mimi nitarudi kukaa kwenye kiti cha Baba miaka mingine kumi na tatu hadi kustaafu.

Nyumbani nilimweleza Dada. Nilitaka aniambie tia sahihi, yeye ambaye mambo yote kwake mepesi. Alisimamisha cherehani, akasema, "Siku ile ulipofika kwenye tundu nilikuwa nakutazama uso. Nilijua umeruka. Baba naye aliamka ulipotoka chumbani, akaniuliza."

"Aliuliza nini?"

"Kwamba umeruka nini. Nikamwambia hujaruka kitu." Akafuta macho kwa kitambaa cha sare ya mtoto wa watu. "Kwa hiyo usiniulize mimi."

Ijumaa, 24 Mei

Mvua imekatika tangu asubuhi. Mlinzi ameanika viatu vyake dirishani.

Nimeingia kwa Mkurugenzi saa tatu, nimemweleza nimesimama, kuanzia jambo la kwanza hadi la mwisho. Hakunikatiza. Aliniuliza kama najua itabidi aandike barua kwa bodi, nikasema najua. Akaniuliza kama nataka kuketi, nikasema sitaki. Aliitazama fomu yake kwa muda, kisha akaichana katikati, akanipa nyingine tupu.

"Andika wewe," akasema. "Kwa maneno yako. Mimi siwezi."

Nimetumia nusu saa. Nafasi yenyewe ni ndogo, mistari mitatu. Nimeandika:

*Jina la mmea huu lilikuwepo hadi tarehe 5 Mei mwaka huu. Nililitoboa mimi, mjalidi wa pili. Mjalidi wa kwanza alikishona kitabu hiki miaka thelathini na moja kabla, na hakupoteza hata herufi moja.*